Majirani wa Ziwa Moja: Safari Yangu ya Kurudi Bujumbura

Wenzangu wa Tabora, tangu nirudi siwezi kununua hata fungu la nyanya bila mtu kunishika mkono. "Rehema, kulikuwaje huko?" Nikijibu "salama tu" mnaguna, kana kwamba nimewaficha mchuzi nikawapa ugali mkavu. Basi nimekaa chini niandike, niyamalize maneno kwa mara moja. Ya pasi na mihuri nayaacha. Hayo kila msafiri anayo yake, na hayana ladha.

Baadhi yenu hamjui kuwa nilizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Baba yangu alikuwa mtu wa Ujiji, fundi wa magari aliyefuata kazi ng'ambo. Tulirudi Kigoma nilipokuwa ndiyo kwanza naanza kufunga kilemba kama mama. Baadaye nikawa muuguzi katika kambi za wakimbizi upande wa Kasulu, na huko ndiko nilikojiunga na chama kidogo cha upatanishi. Kazi yetu ilikuwa kukaa na wenyeji na wakimbizi waliogombania kuni, maji au shamba, mpaka wasikilizane. Nilipostaafu nikahamia huku kwa mume wangu, lakini chama sikukiacha.

Mwenyekiti wetu, Mwalimu Bakari, ndiye aliyenipigia simu. Vyama vitatu, chetu cha Kigoma, kimoja cha Bujumbura na kimoja cha wanawake wa Uvira, Kongo, waliokimbilia Bujumbura, vilitaka kushikana mikono. Adui wetu alikuwa uvumi. Neno likizaliwa upande mmoja wa ziwa, likifika upande wa pili limekwisha ota meno. Watu wanahama, wanapigana, wanafukuza wapangaji kwa jambo ambalo halikutokea. Tulitaka kila upande uwe na watu wanaojuana kwa sura, ili mmoja akiuliza kwa simu "ni kweli?", mwenzake aende kuona kwa macho yake kisha ajibu.

"Wewe ni mtoto wa kule," Mwalimu aliniambia. "Utatusaidia lugha."

Nilicheka. Lugha gani? Si wote tunasema Kiswahili?

Tabora hadi Kigoma

Nilibeba asali madumu mawili madogo na kanga mpya. Treni yenyewe mnaijua. Ilikwenda vizuri mpaka tulipokaribia Malagarasi, ikasimama katikati ya pori kama ng'ombe aliyekataa jembe. Walisema kuna reli mbele inatengenezwa. Abiria wakateremka, wengine wakaota jua kwenye tuta, wengine wakawasha moto wa chai.

Niliketi na mama mmoja wa Kiha aliyekuwa akienda kumwona binti yake aliyejifungua. Alinimenyea karanga za kuchemsha, akaniuliza ninakwenda wapi. Nilipomwambia, akanitazama usoni.

"Unarudi nyumbani au unakwenda ugenini?"

Nilisema, "Nitajua nikifika."

"Aa, basi ni nyumbani," akasema. "Ugenini mtu anajua kabla hajaondoka."

Jua lilikuwa limegeuka kabisa ndipo treni ikapiga honi. Tulikimbilia mabehewa na vikombe mikononi.

Manyovu hadi Rumonge

Mwalimu Bakari ni mrefu, mwembamba, na amefundisha Kiswahili karibu umri wake wote. Ukikosea ngeli mbele yake hakusahihishi, ila anarudia sentensi yako polepole, ikiwa imenyooka. Tulipanda basi dogo kutoka Kigoma hadi Manyovu, tukavuka mpaka, na upande wa Mugina tukampata Issa, dereva wa gari dogo la abiria, mtu wa Bujumbura.

"Mi nawafikisha mupaka Buja," alisema, "kama esanse itaenea."

Mwalimu akakunja uso. "Mafuta yataenea wapi?"

"Yataenea, mwalimu."

"Ndiyo, lakini yataenea wapi?"

Issa aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayeniuliza mzee huyu anaumwa nini. Akawasha gari.

Tuliteremka vilima vya Mabanda, migomba huku na huku, hadi ziwa likajitandaza chini yetu. Ni ziwa lile lile ninaloliona nikiwa Kigoma, lakini hapo lilinitazama kwa jicho jingine.

Nyanza-Lac tulisimama kula. Nikamwuliza mama mpishi kama ana samaki, migebuka. Akatikisa kichwa: apana, hana. Lakini nyuma yake wavu wa moto ulikuwa umejaa migebuka mitupu, inatoa mafuta! Nikaonyesha kwa kidole.

"Ah, mukeke!" alisema. "Si useme mukeke?"

Mukeke. Nilikuwa sijalitamka neno hilo tangu mama yangu afariki. Ndivyo alivyomwita samaki huyo mpaka mwisho, hata baada ya miaka mingi Kigoma, na sisi watoto tukimcheka. Nilikula wote na kichwa chake, na ndizi za kuchoma na pilipili, huku Mwalimu akiniuliza mbona machozi. Nikasema pilipili.

Kabla ya kufika Rumonge gari likakohoa, likazima. Esanse haikuenea. Tulisukuma mpaka kituo cha mafuta, tukakuta foleni ya magari iliyokwisha kuwa kijiji: watu wamefua, wameanika nguo kwenye milango, wanacheza karata. Mafuta yalisemekana yako njiani. Yako njiani tangu lini, hakuna aliyetaka kusema.

Mama mmoja aliyekaa jirani na kituo, jina lake Evelyne, alitukuta tumekaa kwenye jiwe. Alipotusikia tukizungumza akasimama.

"Nyinyi ni wa Tanzania! Wa Kigoma?"

Akatuingiza kwake bila kuuliza zaidi. Uani palinukia mawese mapya, kwa kuwa wao hukamua wenyewe. Kumbe alikulia kambini upande wa Kasulu, aliletwa akiwa mtoto mgongoni, akarudi Burundi akiwa ameshasoma na kuchumbiwa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha darasani kwetu, kilichonyooka kama rula, na Mwalimu alimsikiliza kama mtu anayesikia redio ya zamani.

"Ule mto wa karibu na kambi bado una maji?" Evelyne aliniuliza. "Na lile soko la jioni, bado lipo? Kulikuwa na mama anauza vitumbua."

Nilimwambia soko lilihamishwa. Akachezea ncha ya kitenge chake.

"Watu hapa wananiambia nishukuru nimerudi kwetu. Nashukuru. Lakini mimi nikiota, naota kule." Akaona haya. "Ni ujinga, eti? Kuota kambi."

"Si ujinga, mwanangu," nikamwambia. "Mimi nakaa nchi ile unayoiota wewe, na nikilala naota huku kwenu."

Tulilala kwake kwenye mikeka. Asubuhi mafuta yakaja, na foleni yote ikapiga honi kama harusi. Dumu moja la asali lilibaki Rumonge.

Gihosha

Mama Godelive, mwenyeji wetu na kiongozi wa chama cha Bujumbura, anakaa Gihosha, mlimani. Ni mama mnene, mpole, mwimba kwaya, anayechanganya Kiswahili, Kifaransa na Kirundi katika pumzi moja. Kutoka barazani kwake unaona mji wote chini, bandari, ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo, ya buluu.

Wanawake wa Uvira walikuja wanne. Kiongozi wao alikuwa Mama Furaha, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Zamani alikuwa akivusha vitenge na sabuni kati ya Uvira na Bujumbura, akilala upande wowote jua lilipomkuta. Mapigano yalipomfukuza alivuka na wajukuu na chungu kimoja, akapanga chumba mtaa wa Mutakura. Alikuwa akikaa ukingoni mwa kiti, kama mtu asiyeamini kwamba kiti ni chake.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Tulikubaliana kuhusu simu, kuhusu kutosema jambo ambalo mtu hakuliona mwenyewe, kuhusu kusali kila mmoja kwa dini yake. Kisha tukafika kwenye suala la nani atakuwa mtu wa kupigiwa. Mwalimu Bakari akasimama. Alitaka mambo yawe mepesi, asimbebeshe mtu mzigo.

"Kwa upande wa Uvira," alisema kwa sauti yake ya darasani, "wawili watatosha."

Chumba kikapoa. Niliona wale wanawake wakitazamana.

"Watatosha wawili?" Mama Furaha aliuliza.

"Naam. Wawili tu watatosha."

"Nani watatosha?"

Mwalimu akadhani anaulizwa majina. Akatabasamu. "Nyinyi wenyewe mtaamua. Yeyote kati yenu anatosha!"

Mama Furaha akasimama, akafunga kitenge chake vizuri, akachukua mfuko wake. "Asanti. Tumesikia." Wenzake wakamfuata. Hawakupiga kelele, hawakufunga mlango kwa nguvu. Laiti wangeufunga kwa nguvu.

Mwalimu alibaki amesimama, mkono hewani. Mama Godelive akawa anakusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. "Mwalimu," alisema bila kumwangalia, "kama mulikata hii jambo kule kwenu Kigoma, mungeniambia kwanza mi, doucement, polepole. Si mbele ya watu."

"Tumekata jambo gani?" Mwalimu aliuliza. Mama Godelive akadhani anajifanya. Akaingia jikoni.

Hata mimi sikuelewa. Tulitoka nje tukatembea kwenye ule mteremko, Mwalimu akirudia sentensi yake neno kwa neno, kama mwanafunzi aliyefelishwa bila kuonyeshwa kosa. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa inavunjika, na hatukujua imevunjwa na nini.

Tuliporudi mvua ilikuwa imenyesha, na miguu yetu ilikuwa tope tupu. Mama Godelive akatutokea mlangoni na kitambaa.

"Tosha viatu hapa tu, mama," aliniambia.

Nilisimama pale pale. Sikumwona tena Mama Godelive. Nilimwona mama yangu, Buyenzi, na fagio mkononi, sakafu imetoka kupigwa maji. *We Rehema, tosha viatu! Tosha hiyo tope kwangu!* Tosha, yaani vua. Ondoa. Toa nje.

"Mwalimu," nikasema, "unajua umewaambia nini wale wanawake? Umewaambia wawili kati yao watafukuzwa. Kisha ukawaambia wachague wenyewe."

Mwalimu akakaa kwenye ngazi, kwenye tope.

Mutakura

Hatukungoja kesho. Mama Godelive, aliyekuwa sasa anacheka na kulia, akatafuta teksi, tukateremka mpaka Mutakura. Tulipita vibanda vya kuchaji simu, mafundi cherehani, na akina mama wenye mabeseni ya ndagala, wale dagaa wakavu, mpaka kwenye ua wenye vyumba vya kupanga. Mlango wa Mama Furaha ulikuwa umerudishwa.

Nikabisha. Hakufungua, lakini nilisikia mtu anapumua ndani.

Hapo, wenzangu, nikafungua mdomo na kikatoka Kiswahili ambacho sikujua kama bado ninacho. Si hiki ninachowaandikia. Kile cha uani kwetu.

"Mama Furaha, ni mi Rehema. Mi ni mutoto wa Buyenzi. Ile neno mwalimu alisema, kwao haiko ile unajua. Kwao 'watatosha' ni kusema 'wataenea'. Alisema watu wawili wanaenea kwa kazi. Hakuna mutu anawatosha inje. Hakuna."

Kisha sauti ikasema, "Yeye mwenyewe aseme."

Mwalimu akasogea. Mtu yule ambaye hajawahi kuharibu sentensi maishani mwake akauinamia mlango, akasema, "Mama, mimi nilitaka kusema... wawili wataenea. Nimekosa. Naomba radhi."

Mlango ukafunguka kidogo. Mama Furaha alikuwa amelia. Alimtazama Mwalimu toka juu mpaka chini, suruali imejaa tope nyuma.

"Sasa kule kwenu," aliuliza, "mutu akitaka kutosha kitu, anasema nini?"

"Anasema kutoa. Au kuondoa."

"Na kama kitu inaenea?"

"Anasema inatosha."

Mama Furaha akaweka kiganja mdomoni. Kwanza nilidhani analia tena. Kumbe kicheko kilimponyoka, kikubwa, cha mtu aliyekuwa hajacheka siku nyingi, mpaka majirani wakatoka. "Jamani, kuja musikie! Hawa watu wakishiba chakula, wanasema imetosha! Chakula imetosha nini?"

Hatukuruhusiwa kuondoka bila kula. Alitupikia bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa mawese. Tulipokuwa tunakula alisema jambo moja tu kuhusu asubuhi.

"Mi nilifikiri, sawa, hata hapa. Kwetu walinitosha na bunduki. Huku wananitosha na Kiswahili muzuri." Akamsogezea Mwalimu sahani. "Kula, baba. Usiseme imetosha."

Kesho yake tulikutana tena Gihosha. Wanawake wote wanne wa Uvira waliwekwa kuwa watu wa kupigiwa simu, na hakuna aliyesema neno la idadi.

Buyenzi

Niliomba siku moja iwe yangu. Issa akanipeleka Buyenzi na kuniacha niteremke mwenyewe kwenye avenyu yetu. Sauti ilinipokea kabla ya sura: nyundo juu ya bati, mashine ya kuchomelea, adhana ya adhuhuri ikipita juu ya vyote. Harufu ya oili iliyomwagika kwenye vumbi. Kama ningefumba macho ningemsikia baba akiita spana.

Nyumba yetu haipo. Mahali pake pana duka la vipuri na mafundi wawili watatu mbele yake. Nilisimama kwa muda mpaka mmoja akaniuliza.

"Mama, unatafuta nani?"

Ningesema nani? Watu niliokuwa nikiwatafuta walikuwa wamelala makaburini Ujiji. Nikasema, "Hapa zamani palikuwa na fundi mmoja, anaitwa Ramadhani."

"Kwa Ramadhani ni hapa," akasema mara moja.

Nikamsogelea. "Unamjua?"

"Apana. Ni jina ya mahali. Ukipanda moto-taksi, hii pikipiki ya abiria, unasema unashukia kwa Ramadhani. Watu wote wanajua." Akafuta mikono. "Lakini hakuna mutu. Ni kona tu."

"Alikuwa mutu," nilimwambia. "Alikuwa baba yangu."

Yule fundi akaacha kazi yake. Akaita wenzake, akaleta kiti, wakanunua chai ya tangawizi na mandazi. Wakataka niwaambie alikuwaje. Nikawaambia: alitumia mkono wa kushoto, hakupenda kelele za redio, alisikiliza injini kwa kuweka sikio kwenye mpini wa bisibisi. Wakatikisa vichwa kwa heshima, wakaulizana nani kati yao bado anaweza hivyo. Sikuwa na haja ya kuona kitu kingine mjini.

Kigoma, nikingoja treni

Mafuta ya kurudi tuliyapata, nikafika Kigoma nimechoka lakini nina furaha. Nilikuwa nyumbani kwa Mwalimu nafunga mizigo yangu simu ilipolia. Alikuwa Mama Furaha, na sauti yake ilikuwa juu.

"Dada Rehema, mudogo wangu Pascal alitoka Baraka, kwetu Kongo, na boti, anakuja kwenu. Hapa wanasema ile boti imezama. Wanasema watu wote wamekufa. Ni kweli?"

"Sijui," nikasema. "Ngoja. Usilie bado. Nakwenda kuona."

Tulichukua bajaji, mimi na Mwalimu, mpaka mwalo wa Kibirizi, boti zinapofikia. Njiani nilikuwa nasoma Ayatul Kursiyy, naikosea, naanza upya.

Boti ilikuwa pale. Nusu imekwama mchangani, injini imefunguliwa, lakini ilikuwa pale. Ilizimika katikati ya ziwa, upepo ukaisukuma, wavuvi wa dagaa wakaikuta na kuivuta mpaka nchi kavu. Abiria walikuwa wamekaa kando ya chanja za dagaa, wamejifunika walichopewa, wanakula uji.

"Pascal ndugu wa Furaha wa Uvira!" niliita. Kijana mmoja mwenye midomo iliyopasuka akanyanyua mkono. Nikampigia Mama Furaha, nikampa simu kijana.

"Dada, ni mi," alisema. Akasikiliza. Akautazama uji wake. "Ndiyo, nakula. Nakula, dada."

Akanirudishia simu. Nilitegemea vilio vya furaha, lakini Mama Furaha alikuwa tayari anazungumza na mtu mwingine upande wake, kisha akarudi kwangu.

"Dada, usikate. Huku kwangu mulangoni kuna watu wengi. Wote wana watu wao mu hiyo boti. Uliza majina."

Basi nikafungua sauti, nikatembea katikati ya wale watu na simu nimeinyoosha mbele kama taa. Kule Mutakura jina likitajwa, huku Kibirizi mtu anajibu. Kila jibu lilifuatiwa na kelele, hata simu ikatetemeka mkononi. Mwalimu alikuwa ananisaidia kuita, na hakujali tena jina limetamkwaje. Jina moja la mzee halikujibiwa, na wenzake wakasema hakupanda, alibadili mawazo pwani kule Baraka. Nikasema hivyo hivyo: hakupanda, walimwacha mzima, zaidi sijui.

Mwisho ikaja sauti ya bibi, nyembamba. "Na Espérance? Mukamwana wangu, muke ya mutoto wangu?"

Niliita. Hakuna aliyejibu. Nikaita tena, nikaona watu wanaangaliana. Nikajua kule ng'ambo wanasikiliza hatua zangu kwenye mchanga.

Ndipo mama mmoja akanyoosha kidole kwenye rundo la nyavu nyuma ya boti. Nikaenda. Chini ya kitenge kilicholowa kulikuwa na binti amejikunja kama mtoto, amelala fofofo. Nikamgusa bega, nikamwekea simu sikioni.

Alifumbua macho, akasikiliza, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Niko, mama," alisema. "Nililala tu."